Karai la Baba Bhoke

Jumatatu, 3 Machi
Mandazi tena asubuhi. Bhoke amekula manne, anasema mawili ni ya mtoto. Amekuja kujifungua kwangu, mimba ya kwanza, na nyumba ina kelele tena. Nakaangia karai la marehemu baba yake. Miaka yote lilining'inia nje kwenye msumari. Alipofariki sikuweza kuliona limebaki peke yake kule. Nikaliingiza jikoni. Nina furaha.

Jumatano, 5 Machi
Masunga, mchimbaji aliyepanga chumba cha uani, alikuja kuomba kaa la moto. Akaliona karai, mafuta yanachemka.
"Mama, hili si lile la mzee la kuchomea?"
Ndilo. Akaliipua mwenyewe. Akasema humo mzee alichomea dhahabu iliyoshikana na zebaki, na zebaki haiishi kwa kusugua. Na mimi nilipoliingiza nililisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikadhani yatosha. Mandazi nimeyafukia. Nawaza tumbo la Bhoke. Sijala.

Alhamisi, 6 Machi
Zahanati. Nesi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Zebaki inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa ubongo. Kipimo chake hapo hakuna. Tuache karai leo leo, na mtoto akizaliwa wamwangalie kila kliniki. Moyo wake unapiga vizuri, tumeusikia.
Njiani Bhoke akaanza kucheka. "Wiki mbili nakula mandazi ya dhahabu, Mama, na hereni sina."
Tulicheka mpaka tukakaa kwenye nyasi. Nililia pia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekumbuka. Baba Bhoke akitoka kuchomea alinawa kwanza, akalitundika karai, ndipo akaingia. Nikimwomba nilikaangie, alisema, "Hilo la kwangu." Nilidhani uchoyo.
Masunga amelitoboa tundu asije mtu akalipikia.

Jumapili, 16 Machi
Msichana. Analia kama shangazi zake. Nesi amemkagua, haoni tatizo kwa sasa, wataendelea kumwangalia. Ananyonya kwa nguvu.
Masunga amelipiga karai kwa fimbo kuita majirani. Wamekuja mbio wakidhani ng'ombe wameibwa. Wakaambiwa ni mtoto, wakacheza. Mimi nimecheza kuliko wote. Magoti yanauma.

Jumanne, 18 Machi
Mvua. Nimekaanga kwenye sufuria mpya, mandazi yamepinda. Bhoke amekula manne.
Karai liko nje kwenye msumari wake. Limelowa. Nilipopita nimeligusa ukingo.
"Lako," nimesema.
Kisha nimenawa, nikaingia kumbeba mtoto.