Waya wa Gari la Venla

Venla mjukuu wangu,

Uji uko jikoni. Kula kwanza ndipo uchungulie dirishani.

Ulirudi kutoka kazini alfajiri, ukachomeka waya wa kupasha injini moto kwenye soketi ya ukutani isigande kwa baridi, ukalala. Nikasema nikusogezee gari mlangoni, jioni usije ukateleza kwenye barafu. ~~Upepo ulikuwa mkali, uka~~

Upepo gani! Nilisahau kuchomoa waya. Mimi, niliyekucheka tangu theluji ianze, eti nani ananunua kigari cha mbio hapa Kuhmo! Gari la marehemu babu yako lingezimika palepale. Lako nilikanyaga mafuta kidogo tu, likaruka na soketi ya ukutani ikalifuata.

Usiguse ukuta, umeme nimeuzima. Kwa baridi hii, bila waya halitawaka jioni, na wagonjwa wako wanakungoja usiku. Nimemfuata fundi Raimo kwa miguu, nitarudi naye hata kwa kumvuta sikio.

Nisamehe, mama. Funguo nimezitia ndani ya buti lako la theluji, nisije nikazitamani tena.

Halafu, sikuishia mlangoni. Nilifika hadi kanisani, soketi ikiruka nyuma kama mkia. Watu walinipungia mikono njia nzima, nami nikadhani wananisifia.

Bibi yako