Jina la Marehemu Babu Linapigwa Kila Jumapili

Mshauri mpendwa, niokoe kabla mke wangu Mokeira hajajifungua. Mimi ni karani hapa Kisii mjini, naimba kwaya, na kila Jumapili baada ya ibada hucheza gemu nyuma ya duka la vitambaa la rafiki yangu Harish, tunaunganisha vimashine vyetu vya mkononi kwa waya na wanyama walio ndani wanapigana, na usinicheke, hata daktari wa meno huja. Ukipata mnyama, gemu inakuuliza utamwitaje, na siku niliyompata kakakuona wa moto ndiyo tulikuwa tumetoka kumzika babu yangu Nyasani, nikaandika Nyasani, kwa uchungu tu, bila kukumbuka kwamba kwetu jina la marehemu humngoja mtoto atakayezaliwa baada ya msiba.

Mwanzoni hakuna aliyelalamika, maana katika sehemu ya kwanza ya gemu hiyo wanyama wa moto walitamba, Nyasani alikuwa na mbio kuliko wote, akawapiga mpaka wachezaji wa Ogembo, na shangazi Nyamusi, msemaji wa ukoo wetu kule Nyamira, akawa anakuja kukaa juu ya marobota na kusema mzee amerudi na nguvu zake. Sasa imetoka sehemu ya pili, nikamhamishia huko, kumbe wanyama wa maji wamepewa uwezo wa kuita mvua, ikinyesha moto unapungua nusu, kana kwamba mvua yetu ya kila alasiri haitoshi, na Harish ana kambare anayeiita kabla sijagusa kitufe. Kumweka Nyasani nyuma ya wanyama wangu wengine siwezi, ni mzee, lazima atangulie. Basi anaanguka, na Harish anapaza sauti mpaka barabarani, "Nyasani iko chini tena, leta ingine," watu wa kwetu waliokuja sokoni wakapeleka habari, na wazee wakafika kuniuliza mtu aliyezikwa vizuri anaangushwaje na kambare.

Shangazi ameshaamua. "Hiyo jina imezoea kupigwa," alisema mbele ya Mokeira, "mtoto hawezi pewa." Nikimwondoa Nyasani kikosini wanasema namzika mara ya pili, nikimwacha anapigwa, na nyanya, mjane wa babu, hali chakula vizuri, kwa kuwa alikuwa akimsubiri mumewe arudi kwa jina. Nifanyeje?

Cleophas, Kisii

Cleophas, pole, na pole zaidi kwa Mokeira, anayebeba mimba huku nyinyi mkimwuguza kakakuona. Umekosea na unajua. Jina alilokuwa akilingoja nyanya yako ulilipeleka nyuma ya duka kwa sababu tu mashine ilikuuliza.

Shangazi yako amekosea kukushinda. Alipokuwa akishangilia juu ya marobota hakusema jina limeshachukuliwa, amelikataa lilipoanza kushindwa. Mwulize kama marehemu alishinda kila siku. Maua yake ya pareto shambani hayakuwahi kuozea mvuani? Hakuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu, na bado mkamwita baba? Nyanya yako aliishi na mtu huyo, na ndiye anayemtaka.

Kuhusu kambare, nimeuliza, na sitakwambia nimemuuliza nani. Nimeambiwa unacheza vibaya. Mvua ya gemu hukatika baada ya zamu chache, na wewe unamtanguliza wa moto kwa heshima. Heshima gani ya kumtuma mzee mbele kwenye matope? Tanguliza mnyama wa majani, amchoshe kambare, mvua ikatike, ndipo kakakuona atoke. Ila asitoke kwa jina hilo. Nasikia sehemu hiyo ya pili ina nyumba ya kubadilishia majina. Nenda leo, mvue Nyasani, umwite Nyamusi. Shangazi akisikia mwenyewe yuko chini, ataelewa haraka.

Kisha nenda Nyamira, keti na nyanya yako, mwombe msamaha, mwambie jina limerudi mikononi mwake. Mwana akizaliwa apelekwe kwake kwanza, alitamke yeye, na shangazi anyamaze. Mtoto huyo naye ataanguka mara nyingi kabla hajatembea, Cleophas. Msije mkamnyang'anya jina kila akianguka.