Umeme Unaokatika Adhuhuri

Kabuku,
Jumapili, baada ya alasiri.

Dada yangu Zuena,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji Athuman, na Shamimu wenu awe ameshaacha kula udongo. Sisi huku hatujambo. Mama kiuno kinamsumbua asubuhi, kikipata jua kinatulia. Baba mwili mzima, na ukimwona anavyokwenda msikitini utadhani anafukuzwa. Mimi ndiyo usiseme, naendelea kupendeza tu, ukija utauliza huyu mtoto wa nani.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, wewe simu unaipokea kwa sauti ya juu, duka zima la shemeji linasikia. Mara ya mwisho nilikuamkia wewe, akaitikia mteja wa sukari. Habari hii si ya mteja wa sukari. Barua nimempa Ernesti wa gari la Korogwe, nikamwambia ndani mna majibu ya hospitali, ili aogope kufungua. Ukiona bahasha imebanduliwa niambie, maana mwezi huu sikumwamini mtu hata mmoja.

Habari yenyewe ni ya spika ya msikiti. Tangu vuli iishe imekuwa ikikatika katikati ya adhana. Baba anaanza vizuri, sauti inapanda, stendi nzima inamsikia, akimaliza tu “hayya alal falah” ya pili, kimya. Kinachobaki wanakisikia waliomo ndani. Watu wakasema umeme. Nikasema hapana, umeme nauelewa. Shule niliiachia kidato cha pili, sawa, lakini waya sikufundishwa na mwalimu, nimezaliwa nazo. Yordani mwenye kibanda cha simu atakwambia mimi pale nafagia tu. Yordani ana wivu.

Basi nikaanza kupeleleza. Spika ikizima, mashine ya kinyozi inaendelea kunyoa na friji ya soda ya jirani inaendelea kunguruma. Umeme gani huo unaochagua nyumba? Tena unakatika pale pale, neno lile lile, kama umehifadhi adhana. Na kubwa kuliko yote, ambalo wazee wote na mvi zao hawakuliona ila mimi: alfajiri haukatiki kamwe. Alfajiri baba anaadhini mpaka mwisho, kila kitu kinasikika. Nikajua hapa pana mkono wa mtu, na mtu mwenyewe ni wa kuchelewa kuamka.

Nilianza kumshuku Yordani, kwa kuwa ni Mkristo wa Bungu huko milimani, nikadhani kelele zimemchosha. Akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Alisema adhana ya adhuhuri ndiyo kengele yake ya chakula, na ikikatika wali unamkwama. Nikamfuta. Akabaki Shukuru, mtoto wa Mama Mwaija. Huyo sauti anayo, na anajua anayo, na kila baada ya sala utamkuta karibu na kile kichumba cha amplifaya. Halafu usingizi wake unaujua, ukimwamsha alfajiri anakuuliza mwaka gani. Nikapiga hesabu zangu nikaona zimefunga: anamharibia baba adhana ili wazee wachoke, yeye apewe maiki.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni watu. Kila niliyemuuliza alitazama miguu yake. Mzee wa buchani aliniambia niuache umeme wa watu, nitapigwa shoti. Mama naye akaniambia niache, tena kwa ile sauti yake ya kufunika chungu. Na siku hiyo hiyo nikamwona kwa macho yangu anampa Shukuru ndizi za kupika, zile nene, mlango wa nyuma. Mimi mwanawe nimekula kiporo. Dada, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nikaona adui wa baba analishwa jikoni kwetu, na mji mzima unajua.

Nikafanya la kiume. Nikamtumia Mustafa ujumbe wa sauti, yule mtoto wa hapa anayefanya biashara Dar es Salaam. Nikamweleza kwamba kuna watu wanamkata baba sauti. Niliongea kwa uchungu, mpaka mwenyewe nilipousikiliza nilitaka kulia. Mustafa akaguswa. Akanunua sola, betri, amplifaya mpya ya kufungiwa kwenye sanduku la chuma, na spika za kufika mpaka mashambani. Anavileta mwenyewe Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, na wageni kutoka Handeni mjini, na baba ndiye wa kuuzindua mtambo kwa adhana. Nilitembea kifua mbele. Baba alipoambiwa akapeleka kitambaa cha kanzu kwa fundi.

Sasa nikataka mwizi wangu nimkamate kabla mtambo haujafika. Jumatano nikamwambia Yordani tumbo linauma, nikaingia mapema kwenye kichumba cha amplifaya, nikatia komeo kwa ndani, nikajibanza nyuma ya mikeka. Ukutani pana tundu la waya, nikawa namwona baba mgongo. Akaanza. Dada, baba anaadhini, tuache utani. Akiwa katikati nikasikia mtu anasukuma mlango. Akasukuma tena. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema leo umepatikana, kaa huko huko nje ushike adabu.

Baba akamaliza “hayya alal falah” ya pili. Akavuta pumzi. Halafu, adhuhuri ile, jua utosini, mabasi yamejaa stendi na watu wanakula mahindi, akaanza kuita “Asswalatu khairun minan naum.”

Sala ni bora kuliko usingizi. Maneno ya alfajiri. Hata mimi ambaye adhuhuri unajua huwa niko wapi, nalijua hilo.

Sikufikiri. Mkono ulitoka wenyewe nyuma ya mikeka ukazima swichi. Nje lilitoka neno la kwanza tu, nusu yake. Ndani baba akaendelea, akalirudia mara ya pili kama inavyotakiwa, kwa sauti nzuri ya mtu asiye na shaka, na kwenye tundu nikawaona waliokaa safu ya mbele wote wanatazama mkeka, kama kuna sindano imepotea. Masikio yangu yaliwaka. Shingo ikaingia mabegani. Nilitamani ardhi inimeze, na si mimi niliyekosea.

Nikafungua mlango. Shukuru alikuwa amesimama pale, jasho linamtoka, kidole bado amekinyoosha kama anabonyeza kitu. Aliniona, akatazama chini. Na mimi nikatazama chini.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Umewahi?”

Nikamjibu, “Nimewahi.”

Baba alitoka anatabasamu, akatuuliza kama ilifika stendi. Shukuru akamwambia umeme umekatika mwishoni, mzee. Baba akasema, “Haya.”

Nyumbani nikamkuta mama anapeta mchele. Nilimwambia nilikuwa kichumbani, akaacha kupeta, halafu akaendelea. Ndipo akanieleza. Mara ya kwanza ilitokea ile siku niliyokuja kwako Korogwe kufuata vioo vya simu. Maneno yale yaliruka yote hewani, adhuhuri, na hakuna aliyecheka. Wauza machungwa pale stendi waligeuza nyuso. Mama mwenyewe alikuwa uani akafunika uso kwa kanga, peke yake, hakuna anayemwona. Jioni akamwendea Shukuru. Tangu hapo Shukuru anakaa karibu na swichi kila sala, isipokuwa alfajiri, maana alfajiri maneno yale yako mahali pake. Nikauliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, “Wewe ungemwacha nani asijue?”

Ila nilimuuliza kitu kingine, kwa kuwa kilikuwa kinanisumbua. Nilitaka jina la kile kilichoniwaka masikioni. Ukisema aibu, aibu ni ya aliyefanya. Fedheha ni yake anayejua kwamba watu wamemwona, na baba alitoka anatabasamu. Haya ndiyo inayokuzuia usifanye, na mimi sikuwa nafanya chochote zaidi ya kujificha. Nilimuuliza na Yordani, yeye kamaliza kidato cha nne, akakuna kichwa akasema hilo halikutoka kwenye mtihani.

Mama hakukuna kichwa. Aliniuliza nikikutana na mtu mzima barabarani na mzigo, nafanya nini. Nikasema nampokea. Akaniuliza kama huwa nangoja anieleze kuwa ni mzito. Nikasema hapana. Akasema basi, na akarudi kwenye mchele wake.

Kwa hiyo, dada, neno nimelipata, na mimi ndiye nakuletea, usije ukasema umelisikia dukani. Ni kumpokea. Mji mzima ulikuwa unampokea baba, na mimi, fundi Ukasha, mwenye akili ya kuona umeme unachagua maneno, nilidhani wanamnyang'anya.

Sasa lililobaki ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sola inakuja. Betri ile haikatiki, sanduku la chuma lina kufuli, na wageni watakuwa wamelizunguka wanapiga picha. Baba atasimama na kanzu mpya, na sauti itafika mpaka mashambani, yote, mpaka mwisho. Mwenye kulileta hilo ni mimi. Nikimwambia Mustafa asije atauliza kwa nini, na nikimjibu nitakuwa nimemtangaza baba mwenyewe.

Na kuna jambo jingine sijamwambia hata mama. Juzi baba aliniita nimtolee mwiba kwenye kandambili. Nikiwa nimeinama akasema, “Umeme wa hapa kwetu una adabu sana. Alfajiri haunigusi.” Nikainua uso, yeye akawa anatazama barabara. Nikamalizia kuutoa mwiba. Kwa kuwa sasa nimekuwa mtu wa kushuku, namshuku na yeye. Namshuku kwamba anajua, na kwamba hakusema kwa sababu aliona sisi ndio tumeelemewa, akatupokea.

Kama ni hivyo, mtu mmoja tu anaweza kumwambia, na si mimi wala mama. Baba ukimwomba jambo wewe hakatai, tangu utoto wako ilikuwa hivyo na mimi nilinuna sana. Njoo kabla ya Ijumaa hiyo. Mwombe abaki na alfajiri iwe yake peke yake, na mchana amfundishe Shukuru, hata hiyo ya uzinduzi amwachie mwanafunzi wake, yeye akae safu ya mbele na kanzu yake mpya asifiwe kwa kufundisha. Shukuru nimeshamwomba radhi. Alinisamehe, halafu akanimalizia ndizi zangu.

Shemeji mpe salamu zangu, mwambie bado ananidai mechi moja ya bao. Shamimu mbusu kwenye shavu lisilo na udongo. Mama anakusalimu bila kujua nakuandikia. Baba anakusalimu pia, nimempitia sasa hivi akauliza naandika nini, nikasema hesabu za kibandani. Akaniambia nikikutumia hizo hesabu nikwambie amekukumbuka.

Mdogo wako anayependeza,

Ukasha Sabiri