Baiskeli Isiyobeba Kitu

Kwako bwana yangu mdogo, Baraka,

Nakuita bwana kwa sababu kwetu mjukuu wa kiume ni bwana wa koko yake, bibi aliyemzaa mzazi wake, na mke ana haki ya kuuliza mume alishinda wapi. Bon. Ulishinda wapi?

Picha yako iliingia kwenye simu ya dada yako Neema tukiwa jikoni hapa Whitehall, ng'ambo ya bahari kutoka kwako, tunamenya ndizi. Nikakuona juu ya baiskeli, peke yako, katikati ya mashamba ya Waingereza huko unakosoma. Ukungu umeshuka mpaka kwenye uzio, kondoo wanakutazama kama wana swali. Pua inavuja. Suruali imekubana mpaka nikageuza uso. Na nyuma ya baiskeli hakuna kitu. Hakuna gunia, hakuna mkungu, hakuna mgonjwa, hata kuku.

Nikasema, masikini, mtoto amekwisha. Kwetu Sange mtu mzima hapandi baiskeli tupu siku nzima, labda kama ameporwa mzigo au anakimbia kutangaza msiba. Nikampigia Mama Riziki kule Louisville, yule niliyeimba naye kwaya kambini, ukimbizini. Akawaamsha akina mama wa maombi, wakafunga kwa ajili yako, na wengine wao wanashinda wakibeba makatoni ghalani. Mjomba wako Bahati wa Buffalo hakufunga, unajua tumbo lake, lakini alipotoka kiwandani Tonawanda alikusanya makoti mpaka kitanda chake hakionekani. "Mama, sisi wa Buffalo tunaijua baridi," akaniambia. "Huyu mtoto amevaa soksi mwili mzima."

Neema ndiye aliyetuaibisha.

"Koko, hana shida. Ni sport. Anafurahia."

"Anafurahia nini?"

"Kuendesha tu."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

Ndipo nikakupigia, nawe ukanieleza huku unacheka. Kwamba ulitoka kabla ya jua, na jua lenyewe halikuja. Ulipanda vilima, ukapita vijiji ambavyo hakuna mtu nje, tairi likapasuka ukaliziba vidole vimekufa ganzi, ukala mkate umekaa mlangoni mwa kanisa lililofungwa. Jioni, giza limekushika, ukafika palepale ulipoanzia. Donc, yaani ulizunguka siku nzima ukitafuta mlango wako mwenyewe. Mbuzi aliyefungwa kamba hufanya hivyo, na hakuna anayempa diploma.

Nikamweleza Mama Riziki. Akasema, "Mfungo haurudishwi. Akipata shida ya kweli, tumeshaomba."

Usidhani sijui utamu wa baiskeli. Nani alikufundisha kule kambini? Ile ya marehemu babu yako ilikuwa ndefu kuliko wewe, ukaiendesha umepitisha mguu chini ya bomba la juu, umepinda kama ndizi. Mimi nyuma nimekushika. Kitenge changu kikaingia kwenye mnyororo, tukaanguka wote mbele ya mchungaji. Hukulia. Hukuniuliza hata kama nimeumia. Uliuliza, "Koko, baiskeli ni nzima?"

Baadaye nikawa nakutuma maji na unga. Ukifika kona ya mwisho ulipiga kengele, nami nikiisikia nilibandika maji ya bugali. Hukuwahi kuingia ukakuta sufuria baridi.

Kwa hiyo kilichonikaa rohoni si baridi, wala ile suruali. Nilikuuliza, ulipofika nani alikufungulia? Ukasema, "Nina ufunguo, koko." Nani alikupa chakula? Ukasema ulimalizia mkate ukalala. Kisha ukageuza maneno, ukaanza kunisifia kondoo. Mimi shule iliniacha mapema, lakini mtu anayesifia kondoo namna ile hana mtu wa kuongea naye.

Sasa sikia. Sikukatazi, maana una kichwa ngumu kama babu yako. Ila ufunge kitu nyuma, hata viazi, umpelekee mtu. Mtu yeyote. Tafuta mzee wa kanisani, tafuta mwanafunzi mwenzako mgonjwa, gonga mlango. Mwenye mzigo ana mahali anakotazamiwa, na mtu akipokea viazi lazima akukaribishe ndani. Makoti ya mjomba wako yako njiani. Yavae yote.

Na ukirudi, ukifika kona ya mwisho, usiingie kimya kama mwizi. Nipigie simu, halafu upige kengele niisikie. Kama huna kengele, nunua, wewe si punda usubiri kuvalishwa. Kwenu itakuwa giza, huku jua bado liko juu, nami nitabandika maji. Najua hutakula wewe, atakula Neema. Lakini sufuria itakuwa ya moto, nami nitajua umefika.

Mke wako wa kwanza, na wa pekee mpaka uniletee mwenzangu,

Koko