Ule Mkuki Uliompa Mama

Egesa mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea kwa adabu, si kwa sababu umezistahili. Hujambo? Mimi ni mzima, kazi ipo, joto la huku ng'ambo linachoma mpaka kwenye kope. Bibi mzee ninayemtunza bado ananiita kwa kugonga kijiko mezani. Wewe nasikia u mzima pia, unakula na unacheka pale Busia. Simu zangu hushiki, basi nimeandika. Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa Tororo anayerudi likizo, na nimemwambia asimame hapo mpaka umalize kuisoma.

Sasa nisikilize vizuri.

Umeshinda ukitazama kwenye simu wale Wazungu wa zamani wenye kofia za chuma, wanaokatana mapanga juu ya farasi. Sawa, tazama. Lakini nani alikuambia nyumba ya mama yetu Masinya ni ngome? Ng'ombe wa jirani alipoibwa, watu wenye akili walitafuta mbwa na kufuli. Wewe ukapeleka springi ya lori kwa mhunzi, ukarudi na mkuki, upanga wenye makali pande mbili, na rungu la misumari. Vyote ukamwachia mjane mwenye magoti mabovu anayelala peke yake! Ukamsimamisha uani ukamfundisha kurusha mkuki kwenye mgomba. Mama alinipigia siku ile akicheka. "Nafula, ndugu yako ananifanya askari." Nikacheka naye, sikujua.

Tena ukamwambia wezi siku hizi wanavunja nyumba saa za ibada. Ukamwambia akimkuta mtu ndani amuulize, na asipojibu arushe. Ulisema, hukusema?

Mume wangu Wandera ni fundi wa kuchomelea, hilo unalijua, mlango wa duka lako mwenyewe aliutengeneza yeye. Mimi ndiye niliyemwomba amtengenezee mama mlango wa chuma pale nyuma, kwa sababu ule wa mbao hata kuku anausukuma akaingia. Akahitaji vipimo. Na wewe ni Msamia kama mimi, nikufundishe nini? Mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Akikutana naye njiani anakwepa kando. Kwa hiyo Wandera akachagua Jumapili, mama akiwa kanisani, apime upesi aende zake. Aliona haya kumsumbua, basi.

Lakini mama, kwa woga uliomtia wewe, akatoka kanisani kabla ya sadaka. Akapita njia ya shambani, akatokea nyuma ya nyumba. Akaona mlango uko wazi na mtu ameinama ndani. Mkuki ulikuwa pale pale ulipouning'iniza, chini ya paa la jiko. Akauchukua.

"Nani wewe?"

Wandera akaijua sauti. Kutoka hawezi, mlango wa mbele umefungwa na wa nyuma mama ameuziba. Kujibu hawezi, atapazaje sauti mbele ya mama mkwe wake, ndani ya nyumba yake? Akafanya kile ambacho mkwe yeyote wa kwetu angefanya. Akageukia ukuta, akavuta jaketi akajifunika kichwa, akangoja mama asogee apite.

Mama ameniambia akilia, "Nilimuuliza tena, mwanangu. Akazidi kujifunika. Nikasema huyu anaficha uso, huyu ni mwizi kweli."

Mkuki ukaingia pajani. Wandera akaanguka, jaketi likamtoka, na ule utepe wa kupimia ukamdondoka mkononi. Hapo ndipo mama alipomtambua. Akavua kitenge chake akamfunga lile paja kwa mikono yake mwenyewe, huku akiwaita majirani. Tangu siku hiyo haendi kanisani. "Nimemshika mkwe wangu pajani, Nafula. Nitamtazama nani tena?" Anarudia hayo kila nikipiga simu, mpaka nakata nilie peke yangu.

Na wewe je? Ulikwenda kumwona shemeji yako? Ng'o! Ulikwenda stendi ya boda kujigamba. Eti mkuki wako umefanya kazi. Eti shemeji aliingia nyumba ikiwa haina mtu, na mtu mwema haingii hivyo. Mume wangu umemwita mwizi mbele ya watu, Egesa! Huna haya hata kidogo?

Maneno hayo yamefika kwao Lunyo. Baba mkwe wangu amesema jina la mwizi litaondolewa na mdomo ule ule uliolitoa, la sivyo mimi nisirudi kwake kuwa mke wa mwanawe. Mkataba wangu unakaribia kwisha. Nirudi wapi? Kwa mama, nikalale chini ya upanga wako?

Basi utafanya hivi. Mlango umekwisha. Wandera ameuchomelea akiwa amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa. Nenda Lunyo ukauchukue. Kwanza utasimama mbele ya baba yake useme ulivyomfundisha mama, na useme shemeji yako alifuata nini pale. Kisha uubebe mchana kweupe, upite nao stendi, na wale waliokusikia ukijigamba wakikuuliza, waambie ni mlango wa nani na nani kautengeneza. Na ule mkuki mpelekee Wandera. Anasema chuma chake ni kizuri, atautumia kutengeneza komeo la mlango huo. Ni yeye amesema, si mimi. Mimi ningekuvunjia nao simu.

Nisalimie mama, mwambie Wandera hana kinyongo, na mimi sina. Msalimie shangazi anayempikia siku hizi. Salimia mke wako, maskini, Mungu ampe subira. Mwanangu aliyeko kwa bibi yake Lunyo mbusu ukifika, wakikuruhusu kumshika.

Jambo moja tu. Siku unapeleka mlango kwa mama, kumbuka upanga na rungu bado viko pale, na mama siku hizi anaogopa kila kivuli. Akiuliza nani, jibu haraka. Wewe si mkwe, huna sababu ya kunyamaza.

Ni mimi dada yako, bado nina hasira,
Nafula