Usiku wa Kijani mjini Zalesin

Jumatatu, 4 Novemba

Mkurugenzi mpya wa ukumbi wetu wa maigizo, Ksawery! Jogoo wa mjini kaja kutuwikia shamba. Katoka Warsaw juzi tu, tayari anatufundisha kuigiza. Leo kamwachisha kazi Lucyna, aliyekuwa akikaa pembeni ya jukwaa kutunong'onezea maneno tukisahau. Eti siku hizi mwigizaji husimama peke yake na ukweli wake. Ukweli gani, mwanangu? Igizo lenyewe ni msagaji nafaka na mkewe wanaogombania bata bukini!

Aliyepiga makofi kuliko wote ni Gerwazy. Zee lile! Ndiye aliyemtegemea Lucyna kuliko sote. Amekuwa mume wangu wa jukwaani tangu nina kiuno. Kiuno kimeondoka, yeye kabaki.

Alhamisi, 7 Novemba

Onyesho la asubuhi. Mabasi ya shule kutoka vijijini, watoto wanatafuna, simu zinalia, mwalimu kalala mstari wa mbele mdomo wazi. Hiyo ndiyo jamii ambayo meya anasema hatuihudumii.

Bwana Kopeć, meya, anataka tuunganishwe na Nyumba ya Utamaduni. Yaani sisi, mazoezi ya zumba, kwaya ya wastaafu na maonyesho ya sungura chini ya paa moja. Waigizaji wabaki wanne. Wengine tukachume uyoga msituni. Baraza la mji linapiga kura mwisho wa mwezi. Na tangu achaguliwe hajatia mguu ukumbini, bwana yule! Pakiwa na utepe wa kukata, hapo humkosi.

Jumanne, 12 Novemba

Mazoezini Gerwazy kadondosha karatasi za maneno yake. Kwetu waigizaji zikianguka unazikanyaga kwanza, ndipo unaziokota. Usipozikanyaga, onyesho nalo litaanguka. Hata mfagiaji anajua. Gerwazy huzikanyaga kwa mbwembwe, utadhani anaua nyoka.

Leo kazitazama tu. Kisha kaniuliza taratibu, za nani hizi?

"Za Baba Mtakatifu," nikamwambia. Nilidhani ananitania. Hakucheka. Nikazikanyaga mimi.

Nikamuuliza kulikoni. Eti kalala vibaya, basi, nisimchunguze kama polisi. Sawa. Ila jioni, mbele ya watu, kaniita Lucyna. Mara mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Tulienda kuigiza kijijini, ukumbi wa zimamoto. Baridi, harufu ya kabichi na moshi, watu wamejaa mpaka dirishani. Mabibi wa kijiji wanatushika mikono kana kwamba tumeleta mvua. Hawa meya hajawahi kuwauliza.

Sehemu ya pili Gerwazy kakwama. Kaduwaa. Nikasema maneno yangu na yake: "Najua unachotaka kusema, mume wangu, unataka kusema bata ni wako!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakadhani ndivyo wake walivyo.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, anakula keki, makombo kifuani. "Nilikuwa mzuri leo, eh?"

"Ulikuwa bubu."

Akatazama nje ya dirisha. Halafu akasema polepole kwamba ameshaenda kwa daktari. Ni kichwa, si uchovu; kumbukumbu zinakwisha na hazirudi. "Acha nimalize Jumamosi ijayo tu, Otylia. Onyesho la mwisho. Nikitoka hapo nitasema mgongo unauma. Yule mtoto wa Warsaw asijue."

Mjinga! Kwa nini aniambie mimi? Sasa na mimi silali.

Jumatano, 20 Novemba

Meya anakuja Jumamosi! Na madiwani wake wote. Ksawery anatembea korido nzima kifua mbele.

Na Jumamosi ni Usiku wa Kijani. Onyesho la mwisho la igizo lolote, desturi inaturuhusu kufanyiana vituko jukwaani — mikono ya koti kushonwa izibe, kikombe kugandishwa mezani kwa gundi, chumvi kwenye chai — na aliyefanyiwa aendelee bila kucheka. Mji mzima unajua. Mwaka mzima viti vitupu, lakini usiku huo tiketi hazipatikani. Wanakuja kutazama tunavyoteseka. Wapenda sanaa hao!

Ksawery alikuwa akiita mchezo huo ushamba. Leo, tiketi zimekwisha, kaupa jina jipya: mazungumzo na jamii. Kigeugeu! Kinyonga ana afadhali.

Nikawazungukia wenzangu mmoja mmoja. Fanyeni mtakalo, nikasema, lakini Gerwazy msimguse, ana presha. Remigiusz, anayeigiza mchumba: "Bi Otylia, siku hizi umekuwa bibi kizee kweli. Huna hata utani." Utani! Nilikuwa nikishona mikono ya makoti ya watu yeye bado ananyonya. Wakakubali lakini. Wote.

Jumamosi, 23 Novemba

Mapumziko ya katikati ya onyesho. Naandika kwa penseli ya nyusi, kalamu siioni.

Walitimiza ahadi. Hakuna aliyemgusa. Mimi nilikuta kikombe kimegandishwa, Remigiusz kapewa chai ya siki, watu wakacheka, sawa. Kisha Gerwazy akaingia na bata wake mkononi. Akasimama. Akanitazama.

"Samahani, mama. Hapa ni nyumba ya nani?"

Ukumbi ukapasuka! Nikajaribu ujanja wangu wa kijijini, nikasema najua unachotaka kusema, mume wangu. Akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu.

"Mume? Mimi na wewe tunajuana?"

Watu walivunjika mbavu. Akawageukia, mkono juu ya macho kwa sababu ya taa, akauliza wale wote wanangoja nini. Meya anajipiga mapaja. Diwani mmoja kalala juu ya mwenzake. Remigiusz nyuma ya pazia: "Mzee kaua! Katuzidi wote!" Wanadhani ni kituko. Wanadhani ananifanyia mimi kituko! Nilimshika kiwiko nikamtoa, na makofi yakatufuata mpaka huku.

Meya kaja nyuma ya jukwaa na maua, macho yamelowa kwa kicheko. Kaniambia mbele ya madiwani wote: "Nyumba ya Utamaduni? Thubutu! Mji usio na hawa si mji." Kwa hiyo tumepona. Kwa hili ndiyo tumepona. Si kwa wale mabibi wa kijijini, si kwa miaka yote hii. Kwa hili!

Ksawery kanibusu mashavu yote mawili. Sehemu ya pili vilevile, anasema, mwacheni mzee aendelee.

"Haigizi," nikamwambia. "Mtu anaumwa. Shusha pazia."

Akanitazama. Akamtazama meya kule koridoni. Akafunga mlango, polepole, kwa ndani.

"Baada ya onyesho, Bi Otylia. Tutaongea baada ya onyesho."

Akafungua, akatoka. Kanielewa, mbwa yule. Kanielewa vizuri kabisa. Na mimi? Meya bado yuko hatua mbili kutoka mlangoni, mdomo ninao, na nimekaa tu.

Kengele ya kwanza.

Gerwazy yuko hapa, kando yangu. Kiti chake cha siku zote, unga wa msagaji nyusini, bata mapajani. Amerudi kidogo. Jina langu kalipata.

"Otylia. Nimekosea mahali?"

"Hapana."

"Mbona walicheka?"

Mimi, mwenye ulimi wangu huu ambao mji mzima unauogopa, nikamwambia walicheka kwa sababu alikuwa mzuri. Akafurahi! Akajitazama kwenye kioo, akanyoosha masharubu.

Kengele ya pili. Amesimama. Ameninyooshea mkono anisindikize jukwaani, kama kila siku.

"Basi nitafanya tena," anasema. "Nikumbushe tu haraka, nilifanya nini?"