Likizo Niliyoipeleka Ziwani

Ijumaa, 3 Agosti 1951
Tumo kwenye treni, Marcelina anamenya chungwa. Miaka sita nawakatia tiketi Wazungu waendao Kigoma na mahema yao, leo na mimi nakwenda na mke wangu, kwa pasi ya reli! Hema nimeazima kwa bwana mpima ardhi. Kweli, likizo hii nilimwahidi mama nitakwenda Igalula kumwezekea nyumba. Basi, ataezekewa Septemba.

Na yule Yahaya — fundi wa injini, Mzaramo, mtani wangu — alikuja mbio treni ikiondoka Tabora, akashika dirisha. Ati mama ameanguka, yu hoi, ananitaja, nishuke. Nikamwambia akamdanganye bibi yake! Mwezi wa tano nilimpelekea mtu kumwambia nyumba yake inaungua, akatoka karakana mbio na povu la sabuni usoni. Nikajua analipiza. Behewa zima lilicheka.

Marcelina asema Yahaya mwenyewe hakucheka.

Jumamosi, 4 Agosti
Kigoma asubuhi, kisha mashua mpaka alasiri. Ufuko huu hauna mtu! Pori la akiba, miti imeshuka mpaka majini, mlinzi mmoja tu, Msukuma, jina lake Limbu. Maji safi, unaona vidole vyako vya miguu. Mashua itatufuata Jumatano. Hema limetuangukia mara mbili. Marcelina kaingia ziwani na kanga yake, anacheka peke yake. Tangu arusi sijamwona hivyo.

Jumapili, 5 Agosti
Hakuna misa. Tumesali rozari mchangani, nyani wakatuibia unga. Nilipomtaja mama katika sala Marcelina alinitazama.

Jumatatu, 6 Agosti
Wavuvi wamepita na mtumbwi, wanapeleka dagaa Kigoma. Wakauliza kama tunataka kwenda, nafasi ipo. Marcelina alikwisha kunja kanga zake. Nikakataa! Nikasema hema ni la watu, siwezi kuliacha. Uongo mtupu. Limbu alisema atalilinda. Niliona haya, basi — nikirudi nimkute mama anapepeta mchele, Yahaya atanitangaza stesheni nzima mpaka nistaafu.

"Bora uchekwe, Hilari," Marcelina akaniambia.

Jumanne, 7 Agosti
Sijala. Ziwa zuri, silitaki. Mama ana kifua tangu masika. Nilijua. Paa linavuja juu ya kitanda chake, hilo nalo nilijua. Nimekuja kulala chini kama Mzungu, na hema la kuazima. Mjinga mimi! Nimemuuliza Limbu njia ya milimani. Asema siku nzima kwa miguu, na mwanamke haiwezi, na mashua yaja kesho. Nimekaa juu ya jiwe tangu asubuhi natazama maji.

Jumatano, 8 Agosti
Kigoma. Mashua ilichelewa kwa upepo. Nimemwomba karani wa stesheni apige simu Tabora, Yahaya aulizwe habari ya mama. Jibu: Yahaya hayupo kazini, ameomba ruhusa tangu Jumapili, amekwenda Igalula. Zaidi ya hapo hakuna. Ruhusa ya siku nne! Mtani huitwa ngomani na msibani. Mwezi huu kwetu hakuna ngoma.

Marcelina asema labda amekwenda kumwangalia tu mgonjwa kwa niaba yangu. Amenishika mkono mbele ya watu.

Alhamisi, 9 Agosti
Tabora. Naandika behewani, treni ya Igalula bado dakika chache. Sylvester, karani mwenzangu, nimemuuliza mama anaendeleaje. Akasema pasi yangu ya Igalula amekwisha iandika, akaniuliza kama nimekunywa chai. Sikumuuliza mara ya pili.

Sasa wamekuja mafundi wa karakana, Wazaramo wanane, mikono wameiosha grisi. Hawa siku zote huniita mpagazi, huniuliza mzigo wangu nimetua wapi. Leo wamenipa mkono mmoja mmoja dirishani, pole na safari, Bwana Hilari. Marcelina ameinamisha kichwa, analia.

Wamesimama tu pale chini, kofia mkononi. Mimi nawatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine. Nasubiri mmoja wao acheke.